Ukuta wa kibanda umiza una kazi nyingine

Kibanda changu cha kuonyeshea mpira kipo Sogea, hapa Tunduma, na tangu asubuhi mpaka jioni hakina kazi. Projekta inafunikwa kitambaa, ukuta wa chokaa unatazamana na mabenchi matupu. Watu huanza kuja jua likizama: madereva na utingo wanaosubiri malori yavuke kwenda Zambia na Kongo, wabadilisha fedha waliofunga hesabu, vijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wanalipa kiingilio kwa shilingi au kwa kwacha, mechi ikiisha wanaondoka. Mchana wote unapotea bure, na naamini anayepoteza zaidi ni mji wenyewe.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta alikuja likizo akanionyesha la kufanya. Alifunga kamera ndogo juu ya projekta, akaielekeza ukutani, akawapa watoto tochi ya leza, ile nyekundu inayotembezwa na wamachinga. Ukutani ukatokea mti wa kahawa. Matunda mabichi na mabivu yanachomoza matawini, nawe unachuma mabivu tu kwa kuyamulika. Ukimulika bichi unapunguziwa alama. Wadogo zake kutoka Mbozi, ambao msimu wa mavuno huchuma kahawa ya kweli, waliwaacha mbali watoto wa mjini.

Nilimuuliza: taa nyekundu, kahawa mbivu nyekundu, kamera inatofautishaje? Akajibu, "Shangazi, kamera haitazami rangi." Ameipunguzia mwanga inaoruhusiwa kupokea mpaka mti, ukuta na kila kitu vimezama gizani. Kinachobaki ni doa la leza peke yake, kwa sababu mwanga wake umekusanyika mahali padogo na una nguvu kuliko sehemu yoyote ya picha. Programu inalisaka doa hilo katika kila picha, na kamera inapiga picha 30 kwa sekunde. Kabla ya mchezo unamulika pembe nne za picha iliyo ukutani, moja baada ya nyingine. Hapo hata kamera ikikaa upande, programu inajua kila doa liko wapi kwenye picha. Kwa kuwa mkono hutetemeka, na tochi haina kitufe cha kuiambia kompyuta "chuma", inabidi utulize mwanga juu ya tunda kidogo ndipo lianguke.

Hayo si mageni duniani. Dan Olsen na Travis Nielsen wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walieleza mwaka 2001 namna ya kuiongoza kompyuta kwa leza na kamera. Mwaka 2007 kundi la Graffiti Research Lab liliandika kwa mwanga kwenye ukuta wa jengo refu mjini Rotterdam, Uholanzi, kisha likaigawa programu yake bure. Na OpenCV, hazina ya programu za kuipa kompyuta macho iliyoanzia kampuni ya Intel mwaka 1999, hailipiwi. Kijana wa Vwawa mwenye kompyuta ya mtumba anaweza kuanza leo.

Lipo jambo moja ambalo sitalipita haraka, nalo ni macho ya watoto. Wapenzi wa mpira wanakumbuka Machi 2022, Mohamed Salah akipiga penalti Senegal huku uso wake umejaa kijani cha leza. Mwanga ule si mchezo. Leza inayohesabiwa kuwa salama kwa matumizi ya kawaida haizidi miliwati 1, kwa sababu jicho hupepesa kabla halijaumia. Zipitazo hapo zinahitaji uangalifu, na maandishi ya kwenye tochi za bei rahisi si ya kuaminiwa. Za kijani zina ubaya mwingine: baadhi huvujisha mwanga usioonekana, na jicho halipepesi kwa kitu lisichokiona. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa onyo hilo mwaka 2010.

Kwa hiyo kwangu tochi ya kutoka nyumbani haiingii. Zilizopo ni nyekundu, dhaifu, na nimemwambia fundi seremala azifunge kwenye vishikio vya mbao benchi la mbele, zizunguke kuelekea ukutani tu, zisiweze kugeuzwa nyuma. Hakuna kioo upande ule, na hakuna anayekatiza mbele. Mchezo haupungui utamu kwa udhaifu wa taa.

Najua wazazi wanavyoviona vibanda umiza: maficho ya watoro. Sitabisha, wapo wenzangu wanaopokea wanafunzi saa za masomo, na wakomeshwe. Lakini Jumamosi asubuhi na likizo, mtoto akiwa na mtu mzima, ukumbi wenye projekta ungeweza kuwa darasa ambalo shule nyingi hazina uwezo wa kulijenga.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Naiomba ya Tunduma, kikundi cha vijana kikija na andiko la michezo ya ukutani, kisikilizwe kwa uzito uleule wa kikundi cha bodaboda au cha kuku. Gharama yao kubwa ni kompyuta, maana kumbi zipo.

Mpwa wangu sasa anatengeneza mchezo wa reli ya TAZARA: mtoto anamulika stesheni kwa mpangilio, Dar es Salaam, Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma, kisha Nakonde, Kasama, Mpika hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Stesheni ndogo za katikati zinamchanganya. Mzee yeyote aliyefanya kazi reli, au mwalimu wa jiografia, aje Sogea Jumamosi asubuhi amsahihishie.