Ajali Haina Kinga? Tumeichoka Kauli Hii

Kila moto unapoua watu wetu, hakosekani mtu matangani wa kusema kwamba ajali haina kinga, nasi sote huitikia kwa kutikisa vichwa. Tumeitikia vya kutosha. Moto una kinga, tena nyingine ni nafuu kuliko simu tunazobadilisha kila mwaka, na sisi tuishio Al Wukair tumo katika mji uliolipa gharama kubwa mno kulijua hilo.

Tarehe 28 Mei 2012 moto uliwaka katika jengo la maduka la Villaggio, hapa hapa Doha. Walikufa watu 19. Kati yao 13 walikuwa watoto wa chekechea iliyokuwa humo ndani, wanne walimu, na wawili askari wa zimamoto waliokwenda kuwaokoa. Nchi si maskini. Magari yalikuwepo, na askari wenye moyo walikuwepo. Kamati ya uchunguzi ilieleza kwamba wahusika hawakuzingatia sheria na masharti ya usalama. Askari hufika moto ukiwa umeshaamua mengi.

Jirani zetu wa Kuwait nao waliyaona. Alfajiri ya tarehe 12 Juni 2024, jengo la wafanyakazi wageni huko Mangaf lilishika moto kuanzia chini, na watu wapatao 50 wakafa, wengi wao Wahindi, wengi kwa moshi, wakiwa usingizini. Vyumba vilikuwa vimetengwa kwa vitu vinavyoshika moto upesi.

Sasa tuulizane bila haya: ni nani kati yetu hajapata kulala katika vila iliyokatwakatwa kwa kuta za jipsamu, mlango mmoja wa kutokea, na kiyoyozi, jiko la umeme, birika na chaja sita vyote vikining'inia kwenye ekstensheni moja ya bei poa? Mwenye nyumba anapata kodi, sisi tunapata unafuu wa kutuma nyumbani, na wote tunanyamaza.

Tulikaa katika nyumba ya namna hiyo. Usiku mmoja mafuta ya kukaangia yalilipuka jikoni, na mwenzetu, kwa nia njema kabisa, akaja na ndoo ya maji. Bahati alikuwapo dada mmoja aliyemshika mkono akafunika kikaango kwa mfuniko na kuzima jiko. Wakati huo mwingine alikuwa ameshapiga 999, akaulizwa yuko wapi. Akajibu: karibu na msikiti. Wukair nzima iko karibu na msikiti! Kibao cha buluu chenye namba za eneo, mtaa na jengo kilikuwa ukutani nje, nasi tulikuwa tukikipita kila siku miezi minane bila kukisoma. Simu ikakatwa kwa aibu, moto ukiwa umezimika.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Nenda getini kwenye makampaundi, maghala na shule za mji huu: mlinzi ni kijana wa Kenya au wa Uganda, na Kiswahili kinakwenda. Moto ukiwaka saa nane za usiku, wa kwanza kuuona ni yeye, si askari wa Ulinzi wa Raia. Huyo ndiye zimamoto wa dakika tano za mwanzo, na dakika tano hizo ndizo zenye roho za watu. Basi afundishwe kwa vitendo, ndani ya saa zake za kazi zenye malipo, ashike mtungi wa kuzimia moto na kuukamua kwa mkono wake, badala ya kusainishwa karatasi asiyoielewa. Na maelezo ya usalama yatolewe pia kwa Kiswahili. Sauti ya dakika mbili kwenye WhatsApp ingewafikia akina dada wa majumbani ambao semina haiwafikii kamwe.

Tukirudi nyumbani, hali inatia uchungu. Tunapenda kuwacheka zimamoto wetu kwamba hufika bila maji. Kicheko hicho ni cha kukwepa. Tanzania ilitunga sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mwaka 2007. Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliwapa kaunti kazi hiyo. Lakini kiongozi akizindua gari jekundu, picha hupigwa, utepe hukatwa, na hakuna anayeuliza zamu ya usiku ina watu wangapi. Gari halijiendeshi. Linataka dereva, mtu wa pampu, watu wa kushika mpira wa maji, na wengine wa kuwapokea wanapochoka. Vilevile linataka watu ambao mchana, siku isiyo na moto, watakwenda shuleni na sokoni kukagua milango. Mwezi Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kutokana na moto wa bweni huko Endarasha, Nyeri. Bweni lile lilikuwa na watoto zaidi ya 150. Mkaguzi mmoja mwenye mamlaka na siku mbili za kazi angeweza kuliona hilo.

Kwa hiyo waheshimiwa wanapokuja Doha kutuhimiza tuwekeze nyumbani, tuwaulize wilaya zetu zina askari wangapi wa zimamoto, na wangapi kati yao wako zamu usiku wa leo. Wakijibu kwa idadi ya magari, tuwaulize tena.

Nasi tusijitoe. Fedha zetu za Ghuba zimejenga nyumba Kibaha, Kitengela na Mazizini, na kila dirisha tumelipiga grili nzito iliyochomelewa moja kwa moja, kwa kuogopa wezi. Ndani tumewaweka mama zetu na watoto. Juzi tumempigia fundi azikate, aweke za bawaba zinazofunguka kwa ndani. Ametaja bei kubwa. Tumemwambia aanze na chumba cha watoto.