Sumu ya panya isiyo na jina

Mhariri,

Wachuuzi wa sumu ya panya wanapita mitaani kwetu na vipaza sauti, wakiuza vipakiti visivyo na jina wala maelezo. Mtoto akilamba, daktari atajuaje kalamba nini? Sumu inayozuia damu kuganda ina dawa yake, vitamini K. Nyingine hazitibiki kwa dawa hiyo. Tena panya akifia darini mtaivumilia harufu siku kadhaa, na paka wa jirani akimla, naye huenda akafa.

Panya mdogo hupenya tundu lenye upana wa kalamu. Zibeni matundu kwa stilwaya na saruji, unga ukae kwenye ndoo yenye mfuniko. Halmashauri nazo zipige marufuku sumu isiyo na lebo.

Msomaji,
Mbagala, Dar es Salaam