Miguu Inayowaka Moto Usiku

Mgonjwa wa kisukari akilalamika kwamba nyayo zake zinawaka moto usiku, huambiwa ni uzee, ni baridi, au ana mawazo mengi. Hana jeraha wala uvimbe, basi haaminiki. Lakini sukari iliyozidi kwa miaka huharibu neva, na zile ndefu zaidi, ziendazo miguuni, ndizo hutangulia kuumia. Takriban nusu ya wenye kisukari hatimaye hupata madhara hayo, na baadhi yao hupata maumivu ambayo hata shuka likigusa vidole ni mateso. Mtu asiyelala hukosa subira kwa watoto, hukwepa ibada na harusi, hushindwa kazi ya kusimama. Sonona huingia, na ikishaingia maumivu huzidi na dawa za sukari huanza kurukwa.

Ndugu zangu Watanzania, mtaniambia zahanati zetu zina foleni na kuna magonjwa yanayoua haraka zaidi. Ni kweli, ila ninachodai hakihitaji mashine: mgonjwa aulizwe analalaje, avue viatu, nyayo zake ziguswe kwa uzi wa nailoni au hata pamba kuona kama zina ganzi. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, kwa dozi ndogo ya jioni huwapunguzia wengi maumivu haya. Haimfai kila mtu, hasa mwenye ugonjwa wa moyo, ndiyo maana aiandike daktari. Ukimya wetu ndio wenye gharama. Asiyesikilizwa hununua diklofenaki dukani, ambayo hutuliza kidogo sana maumivu ya neva na yaweza kuumiza figo ambazo sukari imekwisha kuzidhoofisha. Mwingine huloweka miguu yenye ganzi katika maji ya moto, akaungua bila kuhisi, na kidonda hicho huweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Wapo pia wanaosema mgonjwa avumilie. Uvumilivu wake ni sifa yake; hautupi sisi ruhusa ya kumwacha bila tiba.

Kamati za vituo vya afya zina wajumbe wanaotokana na sisi wananchi. Vikundi vya wenye kisukari, misikiti na makanisa tupeleke huko hoja moja: kila kliniki ya kisukari iulize maumivu, usingizi na huzuni, majibu yaandikwe kwenye daftari la mgonjwa, na dawa ya neva iingizwe katika oda ya kituo. Twende na wagonjwa wenyewe wakaseme, wala tusitoke kabla hoja haijaandikwa kwenye muhtasari wa kikao.