Mgonjwa wa Saratani Asilazimishwe Kuchagua

Ndugu zetu katika Kristo, nanyi nyote wenye mapenzi mema wa Musoma, Bunda na Butiama,

Mwaka 2011 magari yaliyojaa wagonjwa yalielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wako walioziacha dawa za hospitali wakiamini kwamba wamekwisha kupona. Hatuwacheki. Kikombe kilikuwa na bei ambayo maskini aliweza kuilipa.

Lakini tunalikataa fundisho linalohubiriwa hata leo, kwamba mgonjwa achague ama sala ama hospitali, ama mitishamba ama kisu. Saratani mara nyingi haishindwi kwa njia moja. Uvimbe wa titi hukatwa, kisha mgonjwa hutiwa dawa mshipani, na pengine huchomwa mionzi. Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea jirani na kizazi, tafiti zilizotangazwa Marekani mwaka 1999 zilionyesha kwamba mionzi ikiambatana na dawa ya sisplatini huokoa wengi zaidi kuliko mionzi peke yake.

Mwaka huo huo wa 1999 Taifa lilimlilia Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliyefariki kwa saratani ya damu hospitalini London. Saratani haibagui mkubwa wala mdogo. Kinachobagua ni njia ya kuifikia tiba.

Hapo ndipo dhuluma ilipo. Kwa miaka mingi mionzi ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam. Siku hizi Bugando nayo inatoa, lakini kutoka Musoma hadi Mwanza ni yapata kilomita 220, na mionzi ya mlango wa kizazi huendelea kwa wiki tano au zaidi. Mama wa Majita aliyeuza ng'ombe wa mwisho ili afanyiwe vipimo na upasuaji atauza nini ili apate nauli, chakula na mahali pa kulala? Akikatisha tiba, kwenye faili huandikwa kwamba hakurudi. Neno la haki ni kwamba alizuiwa.

Tunawaambia wahubiri: anayemwamuru mgonjwa atupe kadi ya hospitali ili kuonyesha imani anacheza na uhai usio wake. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinaweka pamoja sala, tabibu na dawa itokayo ardhini. Nani amewapa ruhusa ya kuvitenganisha?

Tunawaambia pia madaktari na wauguzi: msimkemee anayetumia mitishamba. Aliyekemewa huficha, na kuficha ni hatari. Sisplatini yenyewe huweza kuumiza figo. Ikikutana na mizizi isiyojulikana, nani atajua kilichomdhuru mgonjwa? Mwulizeni kwa upole, naye atasema kweli.

Tunaiambia Serikali: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Bima inayolipia mionzi na kumwacha mgonjwa bila nauli ni daraja lililoishia katikati ya mto. Nauli na malazi vihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, na dawa za kutuliza maumivu makali, mofini ikiwamo, zifike hadi wilayani.

Na sisi Kanisa tusijifiche. Bugando ni hospitali ya maaskofu wetu. Kila parokia ijiulize: katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo ni nani aliyeanza tiba akaishia njiani? Tumtafute kwa jina, tumchangie nauli, tumtafutie mwenyeji Mwanza. Rambirambi tunazokusanya baada ya mazishi zingetosha mara nyingi kumfikisha mgonjwa kwenye mionzi akiwa hai.

Amani haiwezi kukaa katika nyumba ambamo mama anakufa kwa kukosa nauli. Tusinyamaze.