Freemason wa Kwenye Nguzo ya Umeme

Ukitoka Kimandolu kwenda mjini kwa miguu, soma nguzo za umeme. Hutafika mbali kabla hujakutana na karatasi: jiunge na Freemason upate utajiri, namba ya simu hiyo hapo chini. Jirani yake kuna tangazo la mganga na la chumba cha kupanga. Huulizwi kabila, huulizwi dini, huulizwi kipato. Mradi simu yako iwe na hela ya kutuma "ada ya fomu".

Jamani, tangu lini klabu ya wenye nacho ikabandika karatasi kumtafuta chalii wa bodaboda? Ukarimu huo ndio ushahidi kwamba ni utapeli. Freemason wa kweli hawafanyi hivyo. Kwao unaomba mwenyewe, unadhaminiwa na wanachama, unapigiwa kura. Uwe mwanamume, na uwe unaamini kuna Mungu. Dini yoyote sawa, kabila lolote sawa, tajiri au maskini sawa. Ndivyo wanavyosema wenyewe.

Je, ni kweli? Kwenye rangi, jibu ni ndiyo, ila ndiyo iliyochelewa sana. Katiba yao ya London ya 1723 ilimtaka mwanachama awe amezaliwa huru. Mtumwa na mwanamke walitajwa kabisa kuwa hawatakiwi. Sharti la "kuzaliwa huru" Waingereza walilibadilisha kuwa "mtu huru" mwaka 1847, baada ya utumwa kufutwa kwenye makoloni yao. Kule Boston, Prince Hall, mtu mweusi, aliingizwa na wenzake 14 mwaka 1775 na loji ya wanajeshi iliyokuwa na hati ya Ireland. London ikawapa hati mwaka 1784. Lakini loji kuu za wazungu wa Marekani ziliwakataa ndugu hao weusi vizazi na vizazi. Utambuzi uliodumu ulianza Connecticut mwaka 1989. Miaka mia mbili na zaidi ya undugu wa kuangaliana kwa mbali!

Wapenzi wa fasihi watanitajia Kipling. Aliingia loji ya Lahore mwaka 1886, na shairi lake "The Mother-Lodge" linawasifu Mhindu, Mwislamu, Sikh na Mzungu walioketi pamoja. Ni picha nzuri. Ila hata ndani ya shairi lenyewe, undugu ule ni wa chumbani. Wakitoka nje, kila mtu anarudi kwenye ngazi yake ya kikoloni. Kipling aliona hilo na halikumkosesha usingizi.

Kwetu mfano mkubwa ni Sir Andy Chande. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene, Tabora, akapanda mpaka kuwa mkuu wa Freemason wa Afrika Mashariki, cheo kilichoanza kama kiti cha Mwingereza. Mtoto wa Kihindi kutoka Bukene! Viwanda vya unga vya familia yake vilitaifishwa mwaka 1967, siku chache baada ya Azimio lililobeba jina la mji wetu huu, naye akakubali kuongoza Shirika la Usagishaji la Taifa. Huyo anathibitisha kwamba ukuta wa rangi ulibomoka. Lakini soma kitabu cha maisha yake, "A Knight in Africa", uone amekulia nyumba gani: ya mfanyabiashara. Ukuta wa mfuko haukuguswa.

Na huo ndio ninaogombana nao. Siku ya kuingia, mgombea huvuliwa fedha na kila kitu cha chuma, aingie kama fukara, akumbuke kusaidia wasio nacho. Somo zuri, sibishi. Ila fukara huyo wa jioni moja anatakiwa alipe kiingilio, ada ya mwaka, suti nyeusi na chakula cha pamoja. Wanamwonya kabisa: usijiunge kama gharama zitaiumiza familia yako. Onyo la kiungwana, lakini kwa Kiswahili cha kijiweni maana yake ni moja: wewe bado.

Utaniambia kila chama kina ada, hata kikoba cha kina mama. Kweli. Ila kikoba hupanga hisa kwa kuangalia mfuko wa muuza nyanya, na hakijitangazi kuwa cha binadamu wote. Klabu ya watu wenye nafasi si dhambi. Dhambi ni kuiita mlango wazi.

Sasa lawama zangu kubwa zije kwetu tunaoshika kalamu. Magazeti ya udaku na filamu zetu zimejaza nyoka, damu na kafara. Mchimbaji wa Mererani akipata jiwe, ametoa mtu. Msanii akinunua gari, ni Freemason. Hadithi hizo zinaonekana kumchongea tajiri, kumbe zinamlinda, maana anayeuliza habari za nyoka hana muda wa kuuliza habari za tenda, kodi na viwanja. Tena zinampa tapeli wa kwenye nguzo bidhaa ya kuuza. Asingempata mteja kama sisi hatujamwaminisha chalii kwamba utajiri una mlango wa siri na kinachomkosesha ni namba ya simu tu. Anayetuma ile ada mara nyingi anatuma marejesho ya pikipiki ya mkataba.

Andikeni hadithi nyingine basi. Andikeni kuhusu kiingilio, wadhamini, nani anamjua nani, na nani anakaa meza moja na nani. Haina nyoka, lakini inatisha zaidi, kwa sababu ni ya kweli. Na wewe unayepita Kimandolu ukaiona karatasi, ibandue. Maskini akikaribishwa kwa haraka namna hiyo, ujue yeye ndiye chakula.