NDEGE SAFI NI NZURI, LAKINI MOTO UTULIE KWANZA

Katika mdahalo wetu wa muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akadai kwamba injini zote za ndege zinazochafua hewa zipigwe marufuku mara moja. Tulimpigia makofi mpaka madirisha yakatikisika. Mimi pia nilipiga. Lakini leo nasema: pole pole, jamani!

Tuelewane. Moto wa injini ukiwa mkali kupita kiasi, hewa iliyomo hugeuka oksidi za nitrojeni, sumu inayodhuru mapafu. Dawa yake ni kuchanganya mafuta na hewa nyingi kabla hayajawaka, ili ukali wa moto upungue. Basi mambo yamekwisha? Wapi! Wahenga walisema hakuna masika yasiyo na mbu. Moto wa namna hiyo ni mwepesi wa kuyumba. Joto likiongezeka wakati ule ule shinikizo la hewa linapopanda, mtikisiko huzidi. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anapokurudia: atazidi kupaa tu. Mwanasayansi Rayleigh aliyaeleza haya mwaka wa 1878. Injini huanza kunguruma, na mwishowe vyuma vyaweza kupasuka.

Ugonjwa huu si wa ndege peke yake. Wamarekani walipokuwa wakiunda F-1, injini ya roketi iliyowapeleka watu mwezini mwaka wa 1969, uliwatoa jasho. Je, walifumba macho? La! Walilipua vibomu vidogo ndani ya injini ikiwaka ili waone kama moto utatulia wenyewe. Walirekebisha na kujaribu tena hadi ukatulia.

Subira kama hiyo ndiyo inayotakikana kwenye ndege. Injini za GEnx, zilizo kwenye Boeing 787 za Kenya Airways, zina moto mdogo wa katikati unaoushikilia ule mkubwa usiyumbe. Hilo halikupatikana kwa makofi ya mdahalo.

Kwa maoni yangu, sheria za hewa safi ziwe kali, lakini mafundi wapewe muda na pesa za majaribio. Abiria anataka hewa safi, ndiyo, lakini kwanza anataka kufika.

Nanyi mnaoikimbia fizikia eti ni ngumu, moto huu utatulizwa na nani? Shime, wenzangu!