Printa ya Bei Rahisi Ni Mtego

Jamani, msidanganywe na bei ya printa dukani. Yangu niliibeba nyumbani nikichekelea; wino ukaisha kabla sijamaliza ripoti ya mteja. Kumbe nyingi huuzwa na katriji zenye wino kidogo tu. Tena kila printa ikijisafisha, wino mwingine unamwagika bure.

Nikaweka katriji iliyojazwa upya mtaani, chipu ikaikataa! Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Hiyo si hitilafu; kuna mtu aliketi akaiandika hivyo makusudi.

Na ile idadi ya kurasa kwenye boksi? Aghalabu hukadiriwa kwa ukurasa wenye wino asilimia 5 hivi. Hiyo ni barua fupi, si picha ya harusi.

Kabla hujalipa, gawanya bei ya katriji kwa kurasa zake. Hapo ndipo utajua unanunua nini.